Sikusema Si Mwizi

Hakimu aliniuliza mara mbili,
maana mvua ya Tukuyu ilikuwa juu ya bati
na sauti yake ilikuwa na mafua:
"Mama Subilaga, unamjua mshtakiwa?"
Namjua. Ni Anyitike, karani wa maziwa.
Namdai lita mia na arobaini.

Watu wakacheka. Askari akagonga benchi.

Mwendesha mashtaka alikuwa ameshasema yake:
upelelezi haujakamilika,
kama ulivyokuwa haujakamilika mahindi yakiwa magotini,
kama ulivyokuwa haujakamilika yakichanua.
Na kwamba akitoka ataharibu ushahidi.

Ushahidi upi?
Huo unaoning'inia msumarini nyuma ya mlango wa kituo,
kaunta buku la jalada la buluu
mende wanalolila kona kila usiku
huku mwenye mwandiko wake akihesabu kunguni mahabusu?

Dada yake alitumwa alilete.
Mara ya kwanza alileta daftari la kwaya.
Mara ya pili, la mwaka juzi.
Wakatazamana kupitia wavu, dakika tano, askari kashika saa.

Aliyefungwa mikono hajitoi kibanzi.

"Dhamana ni haki, si zawadi," hakimu akasema,
akapiga chafya.
Wadhamini wawili, barua ya mtendaji, kitambulisho,
mali isiyohamishika ya milioni tatu,
asitoke wilayani bila kibali,
kila Jumatatu aripoti polisi.

Wa kwanza alikuwa mjomba wake wa Masoko.
Wa pili hakuwapo.
Ukumbi mzima ukaanza kutazama viatu vyake.

Mimi nina robo tatu ya ekari ya migomba,
na hasira.
Nikasimama.

Njiani mwanangu Ipyana hakusema neno mpaka darajani.
"Mama, umemdhamini mwizi wako?"

Sikusema si mwizi.
Nilisema mtu aliyefungiwa hawezi kunionyesha hela ilikopita.
Yeye na ukweli wamewekwa vyumba mbalimbali;
nataka wakutanishwe, na mimi nikiwapo.

Alitoka Alhamisi,
suruali imemkimbia kiunoni, kaifunga kwa katani.
Hakwenda kuoga. Alikwenda kwenye ule msumari.
Usiku huo mbwa wa kijiji walibweka kwa zamu,
nyumba hadi nyumba, kurunzi mdomoni,
akiomba vipande vya risiti.
Wengine walimpa.
Mzee Mwasaka alimfungulia mbwa.

Kwangu alifika mwisho.
Hakunishukuru, nami nikalipenda hilo.
Akaweka daftari mezani,
mwandiko kama kuku aliyekanyaga tope,
hakuna wakili ambaye angeusoma bila yeye:
"Tarehe kumi na nne. Subilaga. Lita sita, msalaba.
Yalikataliwa. Yalikuwa na dawa."

Nikamkumbuka Sijali na kiwele kilichovimba,
sindano ya bwana mifugo,
na mimi nimeinama nyuma ya kituo
namwaga ndoo, nyasi zinageuka nyeupe.
Nilikuwa nimesahau.
Au niliamua kusahau, sina hakika.

Zimetoka sita.
Zimebaki mia na thelathini na nne,
na hizo bado hajanieleza.

Kesi inatajwa tarehe tisa.
Sijui kama atashinda. Sijui kama anastahili.
Taa ya sola inafifia, yeye kainamia tarakimu
anazipigia mstari kwa penseli ya Ipyana,
na mimi natafuta risiti zangu
ndani ya Biblia, chini ya godoro, kwenye kopo la chumvi,
zote,
hata zile zitakazoniumbua.